Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa sayansi anasomeshwa filozofia na etiki?

Tulipoanza masta ya biolojia hapa Goma tukakuta kozi ya filozofia na etiki kwenye programu, tukanung'unika wote. Mimi nilidhani ni kozi ya adabu: usiibe data, usidanganye prof, mambo yenye mama alishatufunza nyumbani, na kama hukufunzwa nyumbani prof atakuweza wapi na ndevu zako? Nilikosea, na naona wengi bado wanakosea vilevile, wanafikiri etiki ni dawa ya watu wabaya. Mtu mbaya hata haimusumbue. Inamuhusu zaidi mwenye moyo mzuri akishikwa katikati ya mambo mawili na yote mawili ni ya haki.

Chukua Ebola ya Beni na Butembo. Novemba 2018 walianza jaribio la PALM, na jina hilo linatoka kwa Kiswahili chetu kabisa, Pamoja Tulinde Maisha. Dawa zilikuwa nne: ZMapp, remdesivir, mAb114 (hii ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995) na REGN-EB3. Mgonjwa akifika, kura ya bahati njo inaamua apewe gani. Nilishtuka, kura juu ya mtoto wa mtu?

Prof akasema, weka boti mbili bandarini, zote zinaenda Bukavu, na hakuna mwenye anajua gani imetoboka. Ukipiga kura hujamdhulumu mtu, maana hata ukichagua unabahatisha tu. Tena ukiacha kura utapakia wenye nguvu kwenye boti unayoipenda, ikifika salama hutajua kama boti ni nzima ao ni abiria wenye kujua kuogelea. Lakini siku unaona maji yanaingia kwenye moja, kura inakuwa dhambi siku ileile.

Sasa maji kiasi gani? Matone mawili inaweza kuwa mawimbi tu. ZMapp ilishajaribiwa kwa wagonjwa 72, karibu wote wa Afrika Magharibi, ilionekana kusaidia lakini watu walikuwa wachache mno kuthibitisha. Kwa hiyo PALM waliandika mapema mstari wa kusimamia (tofauti ya vifo kati ya dawa ikifika hapo, kura inasimama), na kamati ya pembeni ikawa inachungulia namba katikati ya safari. Agosti 2019 mstari ukavukwa, ZMapp na remdesivir zikatolewa kwenye kura. Waliingia wagonjwa 681, na hesabu ya mwisho ilionyesha vifo karibu 50 kwa 100 kwa ZMapp, 53 kwa remdesivir, 35 kwa mAb114, na karibu 34 kwa REGN-EB3.

Hesabu inakupa 50 na 35, lakini mstari ukae wapi ni watu wanakaa chini wanaujadili.

Mwenzetu mmoja wa Butembo akauliza, na wale waliopewa remdesivir mwezi wa saba? Darasa kimya. Mimi nikasema siku waliyoingia hakuna aliyejua, kwa hiyo hawakudhulumiwa. Yeye akasema sawa, lakini familia zao zirudiliwe, zielezwe kilichoonekana. Prof akaandika yote mawili ubaoni, hakufuta hata moja.