Lori si gari dogo lililokuzwa

Wengi huamini kwamba ukishazoea gari dogo, lori ni usukani uleule, ila mkubwa zaidi. Sivyo. Jaribu kurudisha trela nyuma: ukitaka mkia uende kushoto, usukani unauanzia kulia. Hapo ndipo mgeni hutokwa jasho.

Mteremkoni nako, lori la tani 40 haliachiwi breki peke yake. Breki zikipata moto sana hupungua nguvu, kwa hiyo unaingiza gia nzito kabla hujaanza kushuka, injini isaidie kulizuia.

Halafu kuna saa ambazo huendeshi kabisa: unakagua matairi, unakaza turubai, unasubiri kupakia. Anayeifikiria kazi hii ajipime hapo kwanza. Kusubiri, naona mimi, huchosha kuliko usukani.