Kata yenye madiwani wawili haijapendelewa

Nimeulizwa tena kwa nini kata moja ya Birmingham ina madiwani wawili ilhali ya jirani ina mmoja, na muulizaji, kama wengi waliomtangulia, alikwisha kuamua kwamba ni upendeleo. Si upendeleo. Nazungumzia England pekee, kwa kuwa Scotland na Wales zina taratibu zao.

Tangu mwaka 2018 Birmingham ina kata 69 na madiwani 101: kata 37 zina diwani mmoja mmoja, na 32 zina wawili wawili. Tume ya mipaka ya serikali za mitaa haishindanishi kata na kata, bali hugawanya idadi ya wapiga kura kwa idadi ya madiwani. Kwa hiyo kata yenye wapiga kura maradufu na madiwani wawili iko sawasawa na jirani yake. Hata hivyo, sheria ya mwaka 2009 inaitaka tume izingatie pia mshikamano wa jamii na utendaji bora wa halmashauri, na ndiyo maana tofauti ndogo huvumiliwa ili mtaa mmoja usikatwe vipande viwili.

Manchester ina kata 32 zenye madiwani watatu kila moja, kwa sababu huchagua theluthi ya baraza kwa awamu. Oxford, inayochagua nusu kila baada ya miaka miwili, ina kata 24 za madiwani wawili. Mkazi wa Oxford, ambayo ni wilaya ndani ya kaunti, ana pia diwani wa kaunti, anayechaguliwa katika divisheni, yaani eneo la uchaguzi la kaunti, ambayo mipaka yake huchorwa kando na ile ya kata: inaweza kuikata kata, lakini hairuhusiwi kuvuka mpaka wa wilaya.

Hesabu hii hainiridhishi kikamilifu. Viti vyote vya kata vinapogombewa kwa pamoja, chama kinaweza kuvizoa vyote bila kufikisha nusu ya kura, na usawa wa idadi hauliponyi hilo. Isitoshe, tume huhesabu walio katika daftari la wapiga kura, pamoja na makadirio ya miaka ijayo, wala si wakazi wote. Watanzania na Wakenya wanaoishi hapa kihalali wana haki ya kumchagua diwani kwa kuwa ni raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, lakini wasipojiandikisha, mipaka ya kata zao huchorwa bila wao kuhesabiwa.