Manowari ya Nchi Ndogo Huanzia Chelezoni

Nina ugonjwa mmoja ambao mke wangu ameshauzoea. Usiku, watoto wakishalala, nafungua daftari la hesabu na kuchora manowari ambazo hazikuwahi kujengwa. Masharti ninayojiwekea ni yaleyale kila mara: mwaka ni 1909, nchi ni ndogo, pwani yake ni ndefu kuliko pochi yake, na ina jirani mmoja isiyemwamini. Bunge limeshaidhinisha fedha. Haya, chora.

Wenye ugonjwa kama wangu wako wengi, na nikitazama michoro yao naona makosa yanajirudia. Yote niliwahi kuyafanya mimi mwenyewe.

Dhana: unachagua mizinga kwanza, kisha meli inaizunguka

Karibu kila mtu huanza hivyo. HMS Dreadnought ya Uingereza, iliyokamilika Desemba 1906 na kuzifanya manowari zote zilizotangulia zionekane za kizee, ilikuwa na mizinga kumi ya inchi 12. Basi na ya kwetu iwe na kumi. Au minane, tusiwe na tamaa.

Ukweli ni kwamba swali la kwanza si la mizinga kabisa. Ni hili: meli hii itatolewa majini wapi ikakwanguliwe tumbo? Chuma kikikaa baharini huota majani na makombe, na meli chafu hula makaa mengi huku ikienda polepole. Nchi yenye chelezo (kizimba cha kuitoa meli majini na kuitengeneza) kimoja cha mita 145 haiwezi kumiliki manowari ya mita 160 hata ikipewa zawadi, labda kama iko tayari kuomba chelezo cha jirani, naye jirani ndiye yule isiyemwamini. Baada ya chelezo kuna kina cha mlango wa bandari. Mizinga inakuja baadaye sana.

Uhispania ilipitia haya kwa vitendo. Sheria yake ya Januari 1908 iliagiza manowari tatu, España, Alfonso XIII na Jaime I, zijengwe Ferrol kwa msaada wa makampuni ya Uingereza. Fedha ilikuwa kidogo na vyelezo vilivyokuwepo vilikuwa na ukubwa wake. Matokeo yakawa meli za mita 140 na tani 15,700 hivi, ndogo kuliko zote za aina ya Dreadnought zilizowahi kujengwa duniani.

Ngoja nifungue daftari, maana hapa ndipo utamu ulipo. Chukua urefu wa mita 140, upana mita 24, na tumbo liingie majini mita 7.5. Sanduku la vipimo hivyo lina mita za ujazo 25,200. Lakini meli si sanduku, imechongoka mbele na nyuma, kwa hiyo chukua sehemu 58 katika kila 100. Zidisha kwa uzito wa maji ya bahari na utapata karibu tani 15,000. Hiyo ndiyo bajeti yako, na mhasibu wake ni bahari. Mbavu za meli, injini, makaa, deraya (bamba za chuma za kuikinga meli), mizinga, makombora, mabaharia na magunia yao ya chakula, vyote vitoke humo.

Sasa jaribu kudanganya. Kwa meli ya umbo hilo, kila tani 24 unazoongeza huizamisha sentimita moja zaidi. Mkanda wa deraya ubavuni, tuseme wenye urefu wa mita 90 na kimo cha mita 4 kila upande, ukiunenepesha kutoka milimita 200 hadi 280 umeongeza tani 450. Meli imeshuka sentimita 19. Na kinachoshuka ni mkanda wenyewe! Umenunua chuma kinene zaidi, kisha umekizamisha mahali ambapo kombora halitakipiga. Ndiyo maana sicheki nikiona mkanda wa España ulikuwa milimita 203 wakati wa Dreadnought ulikuwa 279. Mtu hujikuna ajipatapo.

Dhana: manowari ndogo ni ile kubwa iliyopunguzwa kila upande

Ukipunguza vipimo vyote vya meli kwa asilimia 10, uzito inaoweza kubeba unashuka kwa asilimia 27, lakini eneo la ubavu unaotakiwa kuvikwa deraya linashuka kwa asilimia 19 tu. Deraya inaanza kula fungu la wengine. Mzinga wa inchi 12 nao haupungui hata kilo moja kwa kuwa nchi yako ni ndogo, na kombora lake ni lilelile la kilo 386 kwa Waingereza.

Kwa hiyo huwezi kupunguza kidogo kila mahali. Lazima kitu kikatwe kabisa. Wahispania walikata mizinga miwili, wakapunguza deraya, na wakaridhika na kasi ya noti 19.5 (noti ni kipimo cha mwendo wa meli) badala ya 21. Waswidi walikata zaidi, na kwa maoni yangu walikata kwa akili zaidi: waliacha wazo zima la kuwa na Dreadnought. Sverige yao ilikuwa na tani 7,000 hivi, mizinga minne tu ya milimita 283, na kasi ya noti 22.5. Ilikusudiwa kujificha katikati ya maelfu ya visiwa na miamba ya pwani yao, mahali ambapo manowari kubwa ingekwaruza tumbo. Serikali ya Karl Staaff ilipousimamisha mradi huo kwa sababu ya gharama, wananchi walichanga wenyewe mwaka 1912, na ndani ya miezi michache walikuwa wamevuka kroner milioni 15. Meli iliteremshwa majini 1915. Sijui mchango mwingine wa harusi au msiba uliowahi kuzaa kitu kama hicho.

Dhana: mwenye mzinga mkubwa ndiye mshindi

Desemba 16, 1912, nje ya mlango-bahari wa Dardanelles. Waosmani (dola ya Waturuki) wanatoka na manowari zao, miongoni mwake Barbaros Hayreddin na Turgut Reis, zilizonunuliwa kwa Wajerumani, kila moja ikiwa na mizinga sita ya milimita 280. Upande wa Wagiriki kuna manowari tatu za kale zilizojengwa Ufaransa, na meli moja mpya, Georgios Averof, iliyojengwa Livorno, Italia. Averof haikuwa hata manowari ya daraja la kwanza. Ilikuwa kruza (meli ya kivita iliyo nyepesi kuliko manowari) ya deraya, ya tani 10,000 hivi, yenye mizinga minne ya milimita 234 na minane ya 190. Sehemu ya bei yake ilitoka katika wasia wa tajiri aliyeipa jina.

Ukiyasoma hayo kama jedwali, Waosmani wanashinda. Lakini Averof ilikwenda noti 20 na ushei, na wapinzani wake walikuwa wameanza kuzeeka magotini. Admirali Pavlos Kountouriotis aliziacha zile tatu za polepole nyuma, akakimbia peke yake mpaka mbele ya safu ya adui, akaanza kuwapiga kutoka upande wasioutaka. Waosmani waligeuka na kurudi mlangoni. Walijaribu tena Januari 1913 karibu na kisiwa cha Lemnos, yakawa yaleyale, na bahari ya Aegean ikabaki mikononi mwa Wagiriki pamoja na visiwa vyake. Averof bado inaelea karibu na Athens, ni makumbusho.

Lakini usiibebe hadithi hii ukaenda kuchora meli ya noti 25. Nguvu ya injini hupanda kwa kasi ya kutisha. Kutoka noti 19.5 hadi 21 unahitaji nguvu zaidi kwa robo. Hadi 23, zaidi kwa karibu theluthi mbili. Kila nguvu hiyo ni bwila (tangi la kuchemshia maji yawe mvuke), makaa na mita za urefu, na urefu tumeshasema unaishia wapi. Averof haikuhitaji kuishinda mbio dunia nzima. Ilihitaji kumshinda jirani.

Dhana: moja nzuri inatosha

Haitoshi. Siku ikiwa chelezoni, nchi haina jeshi la majini, na adui anasoma magazeti kama wewe. Wahispania walitaka tatu kwa sababu hiyo.

Dhana: ukishapata chuma, watu watapatikana

Brazil ilipokea Minas Geraes mapema 1910, na São Paulo ikafuata mwaka huohuo. Zilikuwa na mizinga 12 ya inchi 12 kila moja, miwili zaidi ya Dreadnought yenyewe, na kwa muda mfupi nchi ambayo haikuhesabiwa ikawa na manowari zilizozungumzwa London na Washington. Ndani yake waliwekwa mabaharia, wengi wao weusi, katika nchi iliyofuta utumwa 1888 tu, na maofisa waliendelea kuwatandika viboko kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Usiku wa Novemba 22, 1910, baada ya baharia mmoja kupigwa viboko 250 mbele ya wenzake, Minas Geraes iliasi. São Paulo na nyingine zikafuata. João Cândido, baharia wa kawaida, akawa kiongozi wa manowari mpya kabisa, mizinga ikiielekea Rio de Janeiro. Walichodai kilikuwa kitu kimoja cha msingi: viboko viishe. Na waliozitazama meli zile kutoka ufukweni walishangaa jinsi zilivyoendeshwa vizuri bila ofisa hata mmoja. Bunge likatoa msamaha. Baadaye msamaha ukageuka: wengi walifukuzwa, na João Cândido akatupwa katika chumba cha gereza kisiwani Ilha das Cobras ambamo wengi wa wenzake walikufa. Yeye alitoka hai.

Kitu kinachonikaa kichwani ni kilichofuata kwenye mizinga. Serikali, kwa kuwaogopa mabaharia wake, ilivitoa vifungio vya nyuma vya mizinga ile ya bei kali. Manowari kubwa kuliko zote Amerika ya Kusini zikawa zimeelea bandarini bila uwezo wa kufyatua. Na mwaka 1918 São Paulo ilipotumwa Marekani kukarabatiwa, mabwila 14 kati ya 18 yaliharibika njiani. Mimi sasa, kabla ya kuchora mnara wa mizinga, huandika pembeni: mafundi wa bwila wangapi, wanasomea wapi, wanalipwa nini, wanalala wapi.

Dhana: ukishalipa, ni yako

Manowari ya nchi ndogo kwa kawaida ilijengwa kwenye kiwanda cha dola kubwa, na dola kubwa ikiingia vitani hukumbuka kwamba kiwanda ni chake. Mwanzoni mwa Agosti 1914 Uingereza ilizichukua Sultan Osman-ı Evvel na Reşadiye za Waosmani, ambazo wananchi walikuwa wamezichangia, huku mabaharia wa kuzipokea wakiwa wameshafika mto Tyne. Sultan Osman yenyewe ilianza maisha kama meli ya Brazil iliyouzwa kabla haijakamilika. Ilikuwa na mizinga 14, hesabu ambayo hakuna manowari nyingine ya zama hizo iliyoifikia. Mwezi huohuo Wajerumani waliwapa Waosmani Goeben na Breslau, na wote tunajua Waosmani waliishia upande gani.

Haikuwa ya Waosmani peke yao. Almirante Latorre ya Chile ilinunuliwa ikiwa kiwandani, ikapigana upande wa Waingereza katika pigano kubwa la majini la Jutland kwa jina la HMS Canada. Meli mbili za Norway zilichukuliwa. Salamis ya Ugiriki ilibaki gofu huko Hamburg, na mizinga yake, iliyokuwa ikitengenezwa Marekani, iliuzwa kwa Waingereza. Hata Wahispania waliojengea nyumbani walimsubiri Mwingereza kwa vifaa: Jaime I iliteremshwa majini 1914 na kukamilika 1921, wakati ambapo wakubwa walishahamia mizinga ya inchi 15.

Na kuna meli tatu ndogo ambazo Brazil iliziagiza kwa Vickers kwa ajili ya mto Amazon. Zilikuwa monita, tumbo bapa, zikihitaji kina cha maji chini ya mita mbili. Brazil ikashindwa kulipa, na Agosti 1914 Waingereza wakazinunua. Mbili kati ya hizo wakaziita Severn na Mersey.

Wakati huo kruza ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914, ilikuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza walileta HMS Goliath, manowari ya mizinga ya inchi 12. Mizinga ile ingeweza kuivunja Königsberg vipande vipande, lakini tumbo lake halikuiruhusu kusogea vya kutosha. Maji yalikuwa kidogo, mikoko mingi. Ilibaki nje, na baadaye ikaenda Dardanelles, ambako Mei 1915 mashua ya topedo ya Waosmani, Muavenet-i Milliye, iliizamisha usiku.

Zilizoingia Rufiji ni zile za Brazil. Zilivutwa kutoka Malta kupitia Suez hadi Mafia, na Julai 6, 1915 zikapita mdomo wa Kikunja, ndege ikiwaelekeza wapiga mizinga kutoka juu. Siku hiyo zilishindwa. Zilirudi tarehe 11 na kuimaliza, kwa mizinga ya inchi 6, miwili kila meli. Wajerumani waliopoa mizinga kumi ya Königsberg kutoka majini, wakaifunga magurudumu na kuendelea kupigana nayo nchi kavu. Mmoja wake uko Fort Jesus, Mombasa, na watoto hupenda kuupanda.