Sikiliza Viola Kwanza: Namna Ninavyochagua Rekodi za Kwarteti za Beethoven

"Mwalimu, ninunue rekodi ipi?" Katika miaka yote niliyofundisha viola, ala iliyo kubwa kidogo kuliko fidla na yenye sauti ya chini zaidi, sidhani kama kuna swali ambalo nimeulizwa na wanafunzi mara nyingi kuliko hili, na sababu inaeleweka. Mtunzi Ludwig van Beethoven alituachia kwarteti 16 za nyuzi, yaani muziki wa wapigaji wanne, wawili wa fidla, mmoja wa viola na mmoja wa selo, ala kubwa ya sauti ya chini, pamoja na Grosse Fuge, kipande kimoja kirefu ambacho hupigwa na kuhesabiwa peke yake, na mkusanyo kamili unahitaji zaidi ya saa nane kuusikiliza. Makundi yaliyorekodi zote ni mengi, kila kundi lina watu wanaoliapia, na mtu anayeanza hujikuta amesimama mbele ya mlima wa majina asiyoyajua.

Ninachowaambia ni hiki: usianze na fidla ya kwanza, anza na viola na fidla ya pili. Aliyewahi kuimba kwaya atanielewa mara moja. Soprano ndiyo inayosikika mpaka nje ya kanisa, lakini alto na teno zikiyumba, wimbo wote unayumba, hata kama waumini hawawezi kusema kasoro iko wapi. Kwarteti nayo iko hivyo. Fidla ya kwanza hujitangaza yenyewe, na kundi lolote lililofikia hatua ya kurekodi Beethoven lina mpigaji hodari mahali hapo. Tofauti baina ya rekodi nzuri na rekodi utakayoishi nayo miaka thelathini hukaa katikati, kwa wale wawili ambao sikio lisilozoea huwapita bila kuwaona. Sikio lililolelewa na taarab ya Unguja, kwa mfano, limezoea fidla kadhaa zikipiga lahani moja kwa pamoja, hivyo ni rahisi kwake kuifuata sauti ya juu na kudhani kwamba hizo nyingine zinaisindikiza tu.

Nilijifunza hili kwa hasara. Mkusanyo wa kwanza niliounua kwa fedha yangu niliuchagua kwa sifa za mpiga fidla wa kwanza, na kweli alikuwa na mlio wa kupendeza mno. Lakini maikrofoni ziliwekwa karibu naye kupita kiasi, na viola ikasikika kama inapigwa chumba cha pili. Nilizisikiliza sidii hizo karibu miaka miwili kabla sijaketi na kitabu cha noti mkononi, nikagundua kwamba kulikuwa na maneno mazima ya Beethoven, yaani vipande vya lahani, ambayo sikuwahi kuyasikia.

Tangu hapo nina sehemu chache ninazozitumia kupimia. Ya kwanza ni mwanzo wa Opus 59 namba 1 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), kwarteti ya kwanza kati ya tatu alizozitunga mwaka 1806 kwa ajili ya Razumovsky, balozi wa Urusi mjini Vienna. Hapo lahani iko kwa selo, na kila msikilizaji huifuata selo. Wewe sikiliza zile noti fupi zinazorudiwarudiwa juu yake na fidla ya pili na viola. Katika rekodi dhaifu zinatatarika kama cherehani. Katika rekodi njema zinapumua, zinasogea mbele pamoja na selo, na zinapofika mahali ambapo lahani inagongana na sauti ya chini, zinabana kidogo bila kupaza. Mwaka 1817 Beethoven alitoa vipimo vya metronomu, chombo cha kupimia kasi ya muziki, kwa kwarteti 11 alizokuwa amekwisha kuzitunga, na hapa aliandika noti-nusu 88 kwa dakika, mwendo wa kasi sana ambao makundi mengi hayaufikii. Mimi simlaumu anayepunguza mwendo. Ninamlaumu anayeukimbilia ilhali wapigaji wake wa kati hawana nafasi ya kuitamka noti.

Kipimo cha pili ni ukurasa wa kwanza wa Opus 131. Fidla ya kwanza inaanza peke yake, polepole, na katika noti ya nne Beethoven ameandika alama ya msisitizo wa ghafla, kama pumzi inayokatika kifuani. Fidla ya pili inaingia na maneno yaleyale, kisha viola, kisha selo. Wasikilize wote wanne katika noti ile ya nne. Ikiwa wa kwanza anaisisitiza kwa uchungu, wa pili anaigonga tu kwa upinde, na wa tatu anaipita, basi watu hawa hawajakubaliana wanachosema, na mbele yako zipo sehemu saba zinazofuatana bila kusimama, karibu dakika arobaini.

Kipimo kinachonifunulia mengi kuliko vyote, hata hivyo, ni Opus 135, kwarteti fupi ambayo Beethoven aliikamilisha Oktoba 1826 huko Gneixendorf, katika shamba la ndugu yake Johann, miezi mitano kabla ya kufa. Ni kwarteti ambayo mpiga viola hawezi kujificha ndani yake hata akitaka. Viola ndiyo inayoanza, kwa kishazi kifupi chenye shaka, na fidla ya kwanza inajibu kwa noti chache tu. Katika sehemu ya pili yapo maajabu ambayo hadi leo yananisimamisha nywele: fidla ya pili, viola na selo zinashika kipande kimoja kidogo na kukirudia karibu mara hamsini, kwa nguvu zote, huku fidla ya kwanza ikirukaruka juu yao kama aliyepandwa na pepo. Wapigaji wengi huona kazi iko kwa huyo anayeruka. Kazi iko kwa wale watatu. Wakilegea, fidla ya kwanza inakuwa mtu anayepiga kelele peke yake uwanjani. Wakishupaa bila uhai, inakuwa mashine. Baadaye sauti inaanza kufifia hatua kwa hatua huku kipande kilekile kikiendelea, na hapo ndipo utakapojua kama watatu hao wana upinde mmoja ama mitatu.

Halafu inakuja sehemu ya tatu, ile ya polepole. Viola inashika noti moja peke yake, na wenzake wanaingia mmoja baada ya mwingine mpaka sauti nne zinakuwa kitanda ambacho lahani italazwa juu yake. Noti ile moja ya viola haina pa kukimbilia. Haina mdundo wala lahani. Ina mguso wa upinde tu na rangi ya uzi. Ninapopima rekodi mpya, mara nyingi ninaanzia hapo, kwa sekunde chache hizo. Mpigaji anayetikisa kidole juu ya uzi ili sauti itetemeke mara tu anapoigusa noti, kama kwamba anaogopa ukimya, huwa ananionyesha mapema jinsi kundi zima litakavyoipiga sehemu yote: kwa utamu mwingi na subira ndogo.

Sasa nitaje majina. Kundi la Busch, lililorekodi kadhaa kati ya kwarteti hizi katika miaka ya 1930, linabaki kwangu kisima cha kwanza, ingawa zilikuwa santuri za mizunguko 78 ambazo kila upande ulichukua dakika nne na ushei, hivyo wapigaji walilazimika kukata muziki na kuuanza tena. Adolf Busch alikuwa Mjerumani aliyekataa kuendelea kupiga nchini mwake Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, na viola ya Karl Doktor katika kundi lake ina mlio mkavu, mnyofu, wa mtu anayezungumza na si wa anayeimba. Ukitafuta nakala za siku hizi za santuri hizo, chagua zilizoachiwa mchakacho wa sindano. Mafundi wanaosafisha kelele yote huondoa pia ncha ya sauti ya viola, na ukishaizoea ile kelele sikio huiacha upande, ilhali ncha iliyoondolewa hairudi.

Kundi la Budapest, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na makao ya kisanii katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, lilirekodi mkusanyo wa mono (sauti ya mkondo mmoja) mwanzoni mwa miaka ya 1950 na mwingine wa stirio (sauti ya mikondo miwili) kuanzia 1958. Wauzaji huusifu wa stirio kwa sababu ya sauti yake pana. Mimi ninauchukua ule wa mono bila kusita, kwa kuwa mikono ilikuwa bado imara.

Quartetto Italiano walirekodi zote kati ya 1967 na 1975, na kwa kwarteti za mwisho sijui rekodi yenye subira kuliko hiyo. Wapo wanaolalamika kwamba mwendo wao ni mzito katika Opus 18, kwarteti za mwanzo, na wana haki. Lakini msikilize Elisa Pegreffi, fidla ya pili, katika Cavatina, sehemu ya polepole ya Opus 130: anatangulia kabla fidla ya kwanza haijaingia, na baadaye anairudisha miisho ya maneno yake kwa upole ambao hauombi kutazamwa. Nimewahi kuirudia rekodi hiyo kwa ajili yake tu.

Kundi la Végh, katika mkusanyo wao wa 1972 hadi 1974, halina usafi wa noti ambao wanafunzi wa leo wanaudai, na kuna mahali fidla inapanda juu ikakosa shabaha waziwazi. Ninaipenda rekodi hiyo na ninaitetea, lakini simpi mtu kama ya kwanza, kwa sababu ni lazima ujue muziki ulivyo kabla hujaweza kusamehe. Kundi la Emerson ni kinyume chake: usafi wa kioo, kasi inayokaribia vipimo vya Beethoven, na jambo moja ninaloliheshimu sana, kwamba wapiga fidla wao wawili walikuwa wakibadilishana viti. Kwa hiyo fidla yao ya pili haijawahi kuwa dhaifu. Kinachonikosesha raha ni kukosekana kwa ile subira ninayoitafuta katika noti ya kwanza ya sehemu ya tatu ya Opus 135. Kundi la Alban Berg lina mikusanyo miwili, wa studio na ule uliorekodiwa mbele ya watu ukumbini Vienna mwaka 1989. Wa pili una makosa madogo na moto mkubwa zaidi.

Kwa anayetaka mkusanyo mmoja tu na sauti ya kisasa, ninamwambia kundi la Takács, waliorekodi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakati Roger Tapping alipokuwa mpiga viola wao. Karibu kila kipimo nilichokitaja hapo juu wanakipita, na maikrofoni zimewatendea haki wote wanne. Pia wako Quatuor Ébène wa Ufaransa, ambao kati ya 2019 na 2020 walirekodi mkusanyo wao katika miji saba ya mabara mbalimbali, na mmojawapo ni Nairobi. Wanathubutu kupiga kwa sauti ndogo mno, na viola ya Marie Chilemme inabaki ikisikika hata pale upinde unapokaribia kutogusa uzi. Usiwasikilize barabarani wala ndani ya gari. Nusu ya kazi yao itakupotea.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja, binti wa miaka kumi na sita, alikuja na swali lilelile. Sikumtajia jina la kundi lolote. Nilimwekea ile noti moja ya viola inayofungua sehemu ya tatu ya Opus 135, kwanza ya Busch, kisha ya Quartetto Italiano, kisha ya Takács, nikizima kila mara kabla fidla ya kwanza haijaanza lahani. Alinyamaza kidogo, akaniomba nimrudishie ya pili. Akaisikiliza amefumba macho, na safari hii, nilipotaka kuizima, akanizuia kwa mkono.