Damu, mbio na macho: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Kapchorwa, Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, vijana hupanda vilima mbio kabla jua halijachomoza. Wakirudi macho mekundu, hakosi mzee wa kuwaonya: mtapofuka, damu inapanda machoni. Wazee wetu nawaheshimu sana, lakini hofu hii humkalisha mtu nyumbani ilhali macho yake yanahitaji mazoezi.

Dhana: Ukikimbia kwa nguvu, damu hufurika jichoni hadi mishipa ipasuke.

Ukweli: Presha ya damu hupanda, hilo si uongo. Misuli ya miguu hutanua mishipa yake ipokee damu zaidi. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hufanya kinyume: mishipa yake hujibana, na damu inayopita haibadiliki sana. Jicho lina bawabu wake. Nyuma ya retina kuna tabaka liitwalo koroidi, ambalo ndilo hupitisha sehemu kubwa ya damu ya jicho. Humo huongezeka kiasi tu, kisha hutulia ukipumzika. Tena ukijichosha kabisa, damu ya retina inaweza hata kupungua. Kuhema sana hutoa kaboni dioksaidi nyingi mwilini, na gesi hiyo ikipungua, mishipa ya retina hubana. Mwaka 2020, kule Monaco, Joshua Cheptegei, mwana wa hukuhuku Kapchorwa, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36. Mwendo kama ule ndio bawabu huyu huumudu.

Na ule wekundu? Mara nyingi ni vumbi, upepo na jasho kwenye utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho. Retina haimo.

Dhana: Mwenye presha ya macho akae atulie.

Ukweli: Presha ya ndani ya jicho kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21, kwa milimita za zebaki. Kutembea haraka au kukimbia polepole huishusha kwa muda. Dawa za glakoma, ugonjwa wa macho unaoendana na presha hiyo, zinabaki palepale, usiziache hata siku moja. Kinachoipandisha presha ya jicho ni kunyanyua kitu kizito huku umebana pumzi. Nikiwaona wapagazi wa soko la Owino, Kampala, wakijitwisha magunia huku mishipa ya shingo imetuna, natamani kumwambia kila mmoja: ndugu yangu, toa pumzi unaponyanyua. Ni jambo dogo, halina gharama, na wanaobeba vyuma jimu nao linawahusu.

Dhana: Doa la damu kwenye weupe wa jicho baada ya kunyanyua vyuma ni dalili ya upofu.

Ukweli: Ni kamshipa ka juu kamepasuka. Linatisha kwenye kioo, lakini haliumi wala halipunguzi uwezo wa kuona, na huisha lenyewe ndani ya wiki 2 hivi.

Jambo jingine kabisa ni kuona kukififia ghafla, au kiwingu cheusi kutanda katikati ya jicho. Kubana pumzi kwa nguvu kunaweza kupasua mshipa wa retina yenyewe. Hapo nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Na mwenye kisukari kilichokwisha kuathiri retina asiguse vyuma vizito kabla hajapimwa macho, kwa kuwa mishipa mipya inayoota humo ni dhaifu na huvuja upesi.