"Usicheze na wavulana" haijamfundisha mtu

Wiki hii tena mama mmoja ameniambia, binti yake akiwa nje kwenye benchi: "Nesi, tafadhali usimfungue macho." Nimechoka kuisikia kauli hiyo. Balehe kwa wasichana huanza kati ya miaka 8 na 13, kwa wavulana 9 na 14, wala haisubiri ruhusa ya mzazi. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliopitia tafiti nyingi, ulionyesha kuwa elimu ya ujinsia haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Hilo nalipita.

Kinachonikera ni neno "kucheza". "Umeshavunja ungo, usicheze na wavulana." Mzazi akisema hivyo anaamini ameshaongea na mwanawe. Binti mmoja anaelewa kwamba hata kushikwa mkono ni mimba, anaanza kuhesabu siku kwa hofu. Mwingine anafanya ngono kabisa, na kwa kuwa wanapendana kweli, haoni kama wanacheza. Onyo lile halimhusu. Kijana wa kiume ndiyo kabisa: anaambiwa "uwe mwangalifu", haambiwi na nini, na habari ya ridhaa hajawahi kuisikia. Semeni uume, uke, ngono, kondomu. Mtoto asiyejua kukitaja kiungo chake atasemaje kwamba kinatoa usaha, au kwamba mtu mzima amekishika?

Halafu mtoto akithubutu kuuliza, anajibiwa: "Nani kakufundisha hayo?" Harudi tena. Siku kondomu ikipasuka atahangaika peke yake, na dawa za PEP za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo, kadiri vinavyocheleweshwa ndivyo nguvu yake inavyopungua.

Lipo linalonisumbua mimi pia. Kijana akinipa siri nikaitunza, nimemlinda, au nimemnyima mzazi nafasi ya kumlinda? Kama amedhulumiwa au uhai wake uko hatarini, nasema, na humwambia hivyo kabla hajaanza kunieleza. Mengine naamua moja moja, na kuna usiku nalala sina hakika.

Yule binti wa kwenye benchi alikuwa na swali moja: ute mweupe unaomtoka kabla ya hedhi ni ugonjwa? Hauwashi, haunuki, ni wa kawaida. Alikuwa ameubeba woga huo miezi minne, ndani ya nyumba moja na mama anayelijua jibu.