Je, wajua kwa nini mabanio ya zege yalizidisha ugomvi wa maji Usangu?

Ukitoka Mbeya kwenda Makambako, ukishapita Inyala barabara inashuka na mkono wa kushoto unaanza kuona tambarare la Usangu, majaruba ya mpunga mpaka macho yanachoka, na mkono wa kulia ni milima. Maji yote yanatoka huko kulia. Mlimani mvua ni nyingi, bondeni ni kidogo, kwa hiyo mpunga wa wilaya ya Mbarali unategemea mito tu: Mkoji, Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera. Ile mito inaishia kwenye ihefu, yaani lile bwawa la matete bondeni, na kutoka ihefu ndo unapata mto Ruaha Mkuu unaopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukaenda Mtera mpaka Kidatu kwenye mabwawa ya umeme.

Sasa swali. Ilikuwaje wakulima wakajengewa mabanio mazuri ya zege, yenye mageti ya chuma, alafu ugomvi wa maji ukaongezeka badala ya kupungua?

Banio ni pale mto unapozibwa ili maji yaingie mferejini. La zamani lilikuwa la miti, mawe, nyasi na udongo, mvua kubwa ikija linasombwa na kila mwaka watu wanaitana kulijenga upya, kazi ya mgongo kwelikweli. Lakini lile banio lilikuwa linavuja, na huko kuvuja ndo ilikuwa pona ya mtu wa chini ya mto, maana hata mwenye banio la juu azibe vipi, maji kidogo yanapenya yanaendelea na safari. Miradi ikaja na zege. Zege halivuji. Kiangazi wa juu akifunga geti la mtoni akafungua la mfereji anachukua mto wote, ukishuka hatua chache tu chini ya banio unakanyaga mchanga mkavu.

Na kisheria hana kosa, hapa ndo watu wengi hawaelewi. Kibali cha maji kilikuwa kinataja lita kadhaa kwa sekunde, namba moja ambayo ina maana mto ukiwa umejaa. Mwezi wa kumi mto mzima hauna hata hizo lita. Kwa hiyo mwenye banio la juu akimaliza maji yote bado yuko ndani ya kibali chake, na ukimfuata anakuonesha karatasi. Mtu wa chini naye ana karatasi yake, amelipia, ila maji hana.

Tangu 1993 Ruaha Mkuu ukaanza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi. Ihefu ina mlango mmoja wa kutolea maji, pale Ng'iriama, kuna mwamba, na kina kikishuka chini ya ule mwamba mto hautoki tena, hata kama ndani bado kuna maji. Lawama zikaenda kwa wafugaji, mwaka 2006 wakaondolewa na ng'ombe wao, wengine wakapelekwa mpaka Lindi, na 2008 eneo la Usangu likaingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha. Mimi nasema wazi hilo liliwaumiza watu kuliko walivyostahili. Ng'ombe anaonekana kwa macho, maji yanayoingia mferejini usiku hayaonekani, kwa hiyo ni rahisi kumnyooshea kidole mwenye ng'ombe.

Ndo hapo wanapoingia watu ambao magazeti hayawaandiki. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaruhusu watumiaji wa chanzo kimoja kuunda jumuiya ya watumia maji, ikagawa maji, ikatunza chanzo, ikasuluhisha migogoro na ikasikika kwenye Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ambayo ofisi yake iko Iringa. Lakini sheria inakupa muhuri tu. Kazi yenyewe ni ya mama mmoja kutoka kijiji cha chini ambaye miche yake iko kitaluni inageuka njano, anaamka anapanda mfereji kwa miguu mpaka banio la juu, na akifika haanzi na ugomvi. Anaanza na shikamoo mwenyekiti, habari za nyumbani, watoto wazima? Wanaongea mpunga, wanaongea bei, alafu ndo anasema, "Mwenyekiti, huku kwetu hata maji ya kupikia tunachimba mchangani. Njoo kesho uone mwenyewe." Yule mzee akishashuka akaona wanawake wamepanga foleni kwenye kishimo cha mchanga, kikao kinachofuata kinakuwa cha aina nyingine kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna mtafiti wa Uingereza, Bruce Lankford, na wenzake wakiwemo wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walileta huku mchezo wa ubao. Ubao umeinamishwa, umechongwa mto, pembeni kuna vishimo ndo mashamba, na gololi ndo maji. Unapewa vijiti vya kuwekea banio lako, gololi zinamwagwa kutoka juu. Raundi ya kwanza wa juu anajaza vishimo vyake vyote na wa chini anabaki anautazama ubao. Alafu wanabadilishana nafasi, na mkulima wa banio la juu akikaa chini akaziona gololi zinaishia kwa mwenzake anaanza kulalamika maneno yaleyale aliyokuwa anayakataa kikaoni. Huko Mkoji mchezo huu ulichezwa na wakulima wenyewe, na mazungumzo ya baadae yakawa ya namna ya kugawana, maana kuulizana nani mwizi ilishaonekana haisaidii.

Kinachofanya kazi ni zamu. Badala ya kila banio kushikilia lita zake, mnakubaliana siku fulani geti la mfereji wa juu linafungwa, maji yanashuka, na wa chini anatuma mtu wake alale pale pale banioni alilinde geti, maana usiku ndo linafunguliwa kimyakimya. Anayevunja zamu anatozwa faini na jumuiya. Zamu ngumu kuliko zote ni Novemba na Desemba, mvua haijashika vizuri lakini kila mtu anataka kuwahi kupanda ili mpunga wake uingie sokoni bei ikiwa bado juu.

Mapungufu yapo. Wafugaji mara nyingi hawaitwi kikaoni, na wanawake wanaitwa ila wanakaa nyuma. Siku hizi kuna pampu za petroli, mtu anavuta maji moja kwa moja kutoka mtoni hapiti banio lolote, kwa hiyo zamu haimgusi, na kamati nyingi hazina kifungu cha kumbana.

Kama jumuiya yenu ipo kwa jina tu, usianze na malalamiko. Omba kwenye mkutano msomewe kibali cha banio lenu na cha banio lililo juu yenu, alafu muulize mwezi wa kumi mto unakuwa na maji kiasi gani kweli. Na swali la pampu lipelekeni kwenye kikao hichohicho kabla watu hawajaanza kusia mbegu vitaluni.